Nani Avuke Kwanza?

Watu wawili wanaotofautiana kwa lugha, mila au dini wakitaka kuelewana, lazima mmoja wao aondoke mahali alipozoea amwendee mwenzake. Hilo halina ubishi. Ubishi uko hapa: ni nani anayepaswa kuondoka? Mara nyingi dunia hujibu kwamba ni mnyonge. Mgeni ajifunze lugha ya wenyeji, wachache wafuate desturi za wengi, asiye na kipaza sauti amsikilize mwenye nacho. Je, sisi tunaoitwa kwa jina la Kristo tunaweza kujibu vivyo hivyo?

Kwanza tuondoe dhana kwamba lugha moja inamaliza tatizo. Mtanzania akiingia mgahawani husema, “Naomba chai.” Wakenya wengi husema, “Nipe chai,” wala hawana nia mbaya. Kiswahili ni kilekile, lakini mmoja huondoka akinung’unika kwamba jirani hana adabu, na mwingine hushangaa kwa nini mtu mwenye pesa yake mfukoni anaomba kama maskini. Fikiria pia neno “pole”. Sisi humpa pole aliyefiwa, anayeumwa, hata anayetoka shambani na jembe begani, kwa sababu tunashiriki taabu yake. Mgeni wa kutoka Ulaya aliyefundishwa kwamba pole ni kuomba radhi huweza kuuliza, “Kwani umenikosea nini?” Neno limemfikia, maana imebaki njiani.

Hayo ni madogo, na kwa kicheko kidogo huisha. Kuna makubwa. Rwanda ni nchi ambayo karibu watu wote wanazungumza Kinyarwanda, na mwaka 1994 wengi wao walikuwa Wakristo waliobatizwa. Mwaka uliotangulia ilianza redio ya RTLM. Ilipiga muziki ambao vijana waliupenda, ikatania, ikazungumza lugha ya mtaani. Katikati ya muziki na utani huo iliwaita Watutsi “inyenzi”, yaani mende. Kuanzia Aprili hadi Julai 1994 watu waliuawa kwa mamia ya maelfu, wengine ndani ya makanisa walimokimbilia, kama Ntarama na Nyarubuye. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti lililoeneza chuki ileile.

Lugha moja, ubatizo mmoja, na bado hayo yalitokea. Kosa halikuwa kwamba watu hawakuelewana maneno. Kila mtu alielewa vizuri kabisa kilichosemwa. Lugha ilikuwa imegeuzwa kazi yake: badala ya kumfikia jirani, ilitumika kumtoa jirani katika hesabu ya wanadamu.

Biblia inaijua hatari hiyo. Katika Waamuzi 12, watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno Shibolethi. Mwefraimu hakuweza kuitamka “sh”, akasema Sibolethi, akauawa palepale. Waliokufa walikuwa 42,000. Nao walikuwa ndugu, wana wa Israeli wote. Herufi moja ilitosha kuamua nani aishi.

Sasa weka karibu na kisa hicho siku ya Pentekoste, katika Matendo 2. Waliokusanyika Yerusalemu walitoka nchi nyingi, lakini yaelekea wengi wao wangeweza kufuata hotuba ya Kiyunani au Kiaramu. Roho Mtakatifu angeweza kuwafanya wote waelewe lugha ya mitume. Hakufanya hivyo. Aliwapa mitume lugha za wasikilizaji. Na mitume hao walikuwa Wagalilaya, watu ambao matamshi yao yalijulikana mara moja, kama Petro alivyotambuliwa usiku ule wa kukamatwa kwa Bwana. Waliozoea kutambuliwa kwa lafudhi yao ndio waliotumwa kuvuka kwenda kwa wengine. Mzigo wa kuvuka uliwekwa juu ya msemaji, mwenye habari ya kutoa.

Sura nne mbele jambo hilo linakuwa gumu zaidi, kwa sababu sasa linagusa chakula. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung’uniko yakaanza. Mitume hawakuwaambia wajifunze Kiebrania ndipo wahudumiwe. Kanisa likachagua watu saba, na majina yao yote, kuanzia Stefano na Filipo, ni ya Kiyunani. Funguo za ghala zilikabidhiwa kwa watu wa upande uliokuwa hausikiki.

Sisi wenyewe tu matunda ya kuvuka kwa namna hiyo. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Ndani ya miezi michache alimzika mkewe na mtoto wao mchanga. Hata hivyo, mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Mwislamu. Tazama pia maneno tunayosali nayo: imani, dhambi, toba, sadaka, baraka, malaika, hata Injili. Yote yametoka katika Kiarabu, na yalikuwa midomoni mwa Waswahili Waislamu kabla hayajawa yetu. Tunapoungama dhambi zetu Jumapili, tunaungama kwa maneno tuliyopewa na jirani.

Ndugu mmoja aweza kupinga hapa: “Tukimwendea kila mtu kwa desturi yake, si tutaificha kweli ya Injili ili tusimuudhi?” Pingamizi hilo ni la haki. Jibu lake liko Athene, katika Matendo 17. Paulo alianza na madhabahu yao wenyewe, akataja washairi wao, kisha akatangaza ufufuo bila kuupunguza. Wengine wakamdhihaki, wengine wakaamini. Aliowakwaza walikwazwa na ufufuo. Hawakukwazwa na matusi ya mhubiri. Kuna tofauti kati ya mtu kuikataa Injili na mtu kuukataa ukali wetu. Kama jirani hajawahi kuisikia Injili bila kejeli dhidi ya watu wake, hatuwezi kusema ameikataa.

Jambo hili limekuwa zito zaidi siku hizi, kwa maana kila muumini ana kituo cha redio mfukoni. Kipande cha nusu dakika hukatwa kutoka katika mahubiri ya saa nzima, kikatumwa kwenye kundi la kwaya, na kabla ya jioni kimefika kwa mtu wa dini nyingine ambaye hakusikia kilichotangulia wala kilichofuata. Utani kuhusu kabila fulani, ambao uso kwa uso huambatana na tabasamu, hufika bila tabasamu lake. Watani wa jadi wanajua mipaka yao, simu haiijui. Anayebonyeza kutuma amekuwa msemaji, na mzigo wa msemaji ni wake, hata kama maneno hakuyatunga yeye.

Kwa hiyo kabla ya kutuma, tujiulize: aliyetajwa hapa angekuwa ameketi kati yetu, ningeyasema haya akinisikia? Na katika ibada zetu tuulize pia: ni nani huketi nyuma mwaka mzima bila kuelewa matangazo? Pengine ni bibi anayesali kwa lugha ya kwao, au kiziwi ambaye hakuna anayemtafsiria kwa alama, au familia ya wakimbizi ambayo Kiswahili chao cha Kongo tunakicheka. Tusiwasubiri wajifunze kuwa kama sisi. Neno lilifanyika mwili, likakaa kwetu, likasema kwa lafudhi ya Galilaya. Aliye juu ndiye aliyevuka kwanza, na sisi tumepewa kuifuata njia hiyo.