Je, ni Haki Kumvuta Mtu kwenye Afya kwa Matangazo?

Tuseme mama mmoja wa Bukavu anafungua telefone yake apate habari za ndugu zake. Kabla hajasoma neno, tangazo linamtokea: lala ndani ya chandarua. Yeye hakuliomba. Aliyelituma aweza kujua mji anamokaa, umri wake, pengine hata mambo anayoyapenda. Basi tuulize: je, ni haki kuuvuta moyo wa mtu namna hiyo, hata kama ni kwa faida ya mwili wake?

Kwanza tukubali kwamba njia hii ina nguvu. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, waganga na wauguzi wa Marekani walitengeneza filamu za sekunde 20 tu, wakiwasihi watu wasisafiri siku za sikukuu. Zilipitishwa kama matangazo kwenye Facebook, na wakati wa Noeli ziliwafikia watu zaidi ya milioni 23. Wataalamu walikuwa wamechagua kwa kura mahali pa kuzionyesha na mahali pa kutozionyesha, kusudi wapime matunda. Safari zilipungua kidogo, na baada ya sikukuu maambukizo yalipungua kwa asilimia 3.5 pale zilipoonyeshwa. Utasema ni kidogo. Lakini pale ambapo watu 1,000 wangeugua, 35 hawakuugua, na kila mmoja wao ana mama yake.

Hata hivyo chombo chenyewe hakijui wema wala ubaya. Njia ileile inayoleta neno la munganga huleta pia bia, kamari na dawa za uwongo. Kisu cha jikoni hukata mboga, hukata na kidole. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama tangazo linafaulu. Tuulize pia: je, linamtendea mtu kama mtu?

Niungame hapa kosa langu. Siku moja, kabla ya chanjo ya surua, niliwaambia wazazi wa kijiji kwamba kila mtoto asiyechanjwa atapofuka. Nilijua kwamba surua yaweza kupofusha, lakini si kila mtoto. Nilitaka waogope. Wakaogopa, wakaleta watoto. Mwaka uliofuata mama mmoja alisimama mbele ya wote na mtoto wake asiyechanjwa, macho yake mazima, akaniuliza: "Mwalimu, na huyu je?" Tangu siku ile, hata niliposema kweli, walitikisa kichwa. Uwongo wangu ulipata watoto wa siku moja, ukapoteza masikio ya miaka.

Mwaka 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa andiko juu ya maadili ya matangazo. Lilitaja mambo matatu: ukweli, heshima ya mtu, na wajibu kwa jamii. Juu ya ukweli nimekwisha kusema. Heshima yataka tangazo liseme na akili ya mtu, lisimnase kwa haya. Aliyetafuta kwa siri habari za UKIMWI, tangazo lisimfuate hata jirani anayeazima telefone yake ajue. Na wajibu kwa jamii wakataza kumsahau maskini asiye na telefone, kwani mara nyingi ndiye mwenye kuhitaji shauri zaidi.

Basi mwenye kutangaza ajipime hivi. Kama angeweza kukaa mbele ya mama yule, akamwambia yeye ni nani, anataka nini, na amemfikia kwa njia gani, bila kuona haya, na atangaze. Kama hawezi, huo ni mtego, hata ukitegwa kwa ajili ya afya.

Na sisi tusiliachie tangazo kazi yote. Likisha kumkumbusha jirani chandarua, twende kwake tumsaidie kukitundika.