Kalamu ya Mwandishi wa Hesabu

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu inahusu uandishi wa madeni. Ni aya ya 283 ya Sura Al-Baqara, ambamo Mwenyezi Mungu anawaamrisha waaminio kwamba wakopeshanapo kwa muda maalumu basi waliandike deni lao. Na humo ametajwa mtu ambaye kwa kawaida hakumbukwi na yeyote, naye ni mwandishi. Ameamrishwa aandike kwa uadilifu, na asikatae kuandika kama Mungu alivyomfunza. Kisha wenye mali nao wameonywa kwamba mwandishi na shahidi wasidhuriwe.

Ndugu wasomaji, hebu tutafakari onyo hilo. Kwa nini mwandishi adhuriwe? Yeye hakukopa wala hakukopesha. Sababu ni kwamba kila mwenye mali hutamani kalamu ielekee upande wake, na kalamu isipoelekea, hasira humwangukia aliyeishika.

Siku hizi mwandishi huyo tunamkuta katika chumba kidogo karibu na soko la Bukoba, au kando ya barabara katika mji wa Muleba, akiwa na meza, kikokotoo na kompyuta. Huja kwake mnunuzi wa kahawa kutoka Kamachumu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mchuuzi wa dagaa wanaotoka visiwa vya Muleba. Kila mmoja humletea madaftari yake, ili atayarishiwe ritani, yaani taarifa ya mapato yake ya mwaka, ipelekwe kwa Mamlaka ya Mapato. Wengi wao ni watu wema. Lakini wapo wanaosema kwa sauti ya chini: "Punguza kidogo hapa. Wewe andika tu."

Swali tunalotaka kulijibu ni hili: ikiwa uongo ni wa mteja, na mwandishi ameandika tu kama alivyoambiwa, dhambi ni ya nani?

"Mimi ni mwandishi tu"

Udhuru wa kwanza wa mwandishi ni kwamba yeye ni chombo. Kama mkulima akimpiga mwenziwe kwa jembe, hakimu halishtaki jembe. Udhuru huu unapendeza masikioni, ila una kasoro moja: jembe halijui linampiga nani, na mwandishi anajua anaandika nini.

Mtume Mtukufu s.a.w. aliuvunja udhuru huu waziwazi. Katika Hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, laana juu ya riba haikuishia kwa mlaji wake na mtoaji wake, bali ilimfikia pia mwenye kuiandika na mashahidi wawili, na akasema kwamba wote hao ni sawasawa. Mwandishi yule hakula riba, wala shilingi haikuingia mfukoni mwake ila ujira wa kuandika. Lakini bila kalamu yake mapatano yale ya dhuluma yasingesimama. Vivyo hivyo katika Sura Maida, aya ya 3, tumeamrishwa kusaidiana katika wema na ucha-Mungu, na tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui.

Hata sheria ya nchi haikumfanya mwandishi kuwa jembe. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 iliweka sharti kwamba mtu anayetayarisha ritani ya mwingine kwa malipo atie sahihi yake, akithibitisha kwamba amezikagua kumbukumbu za mlipakodi, na kwamba kwa kadiri ajuavyo ritani ile inaonyesha hali ya kweli. Akikataa kutia sahihi, ampe mwenye ritani sababu za kukataa kwake kwa maandishi. Basi anayetia sahihi ametoa ushahidi. Na juu ya ushahidi Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura Nisaa, aya ya 136, kwamba tuusimamishe kwa haki hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa, awe anayehusika ni tajiri au maskini.

Kesi mbili za Seyidna Ahmad a.s.

Huenda mtu akasema: "Hayo ni maneno mazuri ya msikitini, lakini mbele ya afisa wa serikali mambo ni mengine." Kwa hiyo tuangalie alivyofanya Masihi Aliyeahidiwa a.s. alipofikishwa mbele ya maafisa wa serikali.

Mwaka 1877, kabla hajatoa dai lolote, alipeleka makala kwenye mtambo wa kupiga chapa wa wakili mmoja Mkristo mjini Amritsar. Ndani ya kifurushi cha makala alitia pia barua ya kueleza namna ya kuichapa. Kumbe kanuni za posta za wakati ule zilikataza jambo hilo, na adhabu yake ilikuwa faini ya rupia 500 au kifungo cha miezi sita. Akashtakiwa. Mawakili wakamshauri kwamba hana njia ya kuokoka ila aseme kuwa hakuitia barua ile yeye, bali aliyepokea kifurushi ndiye aliyeitia. Ushahidi mwingine haukuwepo, na ingekuwa neno la mtu mmoja dhidi ya mwingine. Seyidna Ahmad a.s. alikataa. Hakimu Mwingereza alipomwuliza, alikiri kwamba barua ni yake na yeye ndiye aliyeitia, lakini hakukusudia kuidhulumu serikali mapato yake, kwani aliiona barua kuwa sehemu ya makala. Hakimu alimwachia huru.

Kesi ya pili inahusu kodi ya mapato yenyewe. Mwaka 1898 ilidaiwa kwamba pato lake kwa mwaka ni rupia 7,200, hivyo alipe kodi ya rupia 187 na nusu. Mara hii hakukubali, bali aliweka pingamizi lake kwa njia ya sheria. Afisa wa Batala, Munshi Tajuddin, alichunguza jambo lile na kusikiliza mashahidi, ikaonekana kwamba fedha zinazotolewa na wafuasi zinatumika kwa kazi za dini, kama vile wageni na shule, wala si kwa nafsi yake. Mwezi Septemba mwaka ule ule, Bwana Dixon, mkuu wa wilaya ya Gurdaspur, aliamua kwamba asitozwe kodi ile. Habari hizo zimo katika kitabu chake Zaruratul Imam.

Tukiziweka kesi hizi pamoja tunapata kanuni yetu yote. Katika ile ya kwanza, ukweli ulikuwa wa hatari kwake, akausema. Katika ile ya pili, dai la kodi halikuwa sahihi, akalipinga hadharani kwa hoja na mashahidi. Muumini hadanganyi ili asilipe, wala hakuamrishwa kulipa asichodaiwa.

Mambo magumu ya mezani

Tuseme mchuuzi wa dagaa anasema: "Wavuvi hawanipi risiti. Nitaonyeshaje gharama zangu?" Mtu huyu hasemi uongo, shida yake ni ya kweli. Mwandishi mwema humfundisha aandike manunuzi yake siku ile ile: tarehe, kiasi, bei na chombo alichonunulia. Asimtungie risiti.

Au chukua habari ya tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lililoangusha nyumba nyingi za Bukoba na kuua watu. Mwenye duka lililobomoka akisema kumbukumbu zake zimefukiwa, anastahili kuhurumiwa. Lakini kuna ambaye ukuta wake haukupata hata ufa, naye akasema maneno yale yale. Mwandishi hajui kilichomo moyoni mwa yeyote kati yao. Anachoweza ni kutafuta nakala kwa waliowauzia bidhaa na benki, na pasipopatikana kitu, aandike wazi kwamba haya ni makisio, na aonyeshe yametoka wapi. Kusema "sijui" pale usipojua ni sehemu ya ukweli.

Jambo gumu zaidi ni la yule anayesema: "Kodi yenyewe huliwa. Kwa nini niwape wezi?" Tusimcheke. Watu wa Kagera wana kumbukumbu ndefu. Waliijua kodi ya Wajerumani na ya Waingereza. Waliujua mfumo wa nyarubanja, ambao ulimfanya mkulima awe mpangaji katika shamba la migomba alilolilima kwa mikono yake, hata ukafutwa kwa sheria katika miaka ya 1960. Wakaijua na kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003. Mzee aliyeyaona hayo akisema kwamba kumficha mtoza kodi ni werevu, tunajua ameyatoa wapi.

Jibu letu ni hili. Mtume s.a.w. alipoona mtoza zaka mmoja amejiwekea zawadi alizopewa kazini, alipanda mimbari akakemea, akauliza kama mtu yule angeletewa zawadi hizo lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Lakini hakuwaambia watu waache kutoa zaka. Wizi wa afisa una dawa yake, nayo ni kumkemea na kumshtaki. Na anayeficha mauzo hampunguzii mwizi yule kitu. Humpunguzia mgonjwa wa zahanati na mtoto wa shule, na humwonea jirani yake wa soko lile lile, ambaye ameandika mauzo yake yote na sasa ameshindwa kuuza kwa bei ya chini kama yeye.

Namna ya kukataa

Mtume s.a.w. alifundisha kwamba ndugu yako umsaidie akiwa mdhulumiwa au akiwa dhalimu. Na alipoulizwa dhalimu husaidiwaje, alieleza kuwa ni kwa kumzuia asidhulumu. Basi kukataa kwa mwandishi kuwe msaada, kusiwe majivuno. Amwambie mteja faraghani. Asizitoe siri zake sokoni, kwani madaftari ni amana. Ila akiulizwa na mwenye haki ya kuuliza kisheria, asiseme uongo. Asikubali ujira unaopimwa kwa kodi iliyopunguzwa, kwa sababu hapo jicho lake limekwisha nunuliwa. Kisha amwonyeshe mteja haki zake zote, maana wengi huomba uongo kwa kuwa hawajui ukweli ungewafaa nini.

Mfano ni viwango vilivyowekwa mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo. Ambaye mauzo yake ya mwaka hayakuzidi shilingi milioni 4 hakutozwa kitu. Mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 alitozwa shilingi 100,000 ikiwa hakutunza kumbukumbu. Bali akizitunza, alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kwa hiyo mwenye mauzo ya milioni 5 aliyekuwa na daftari la kweli alilipa 30,000 tu. Na anayeona amekadiriwa isivyo haki, sheria imempa siku 30 za kuweka pingamizi.

Lakini si kila mteja huridhika. Mwandishi wa makala haya aliwahi kujiwa na mzee wa ukoo wake, aliyemsaidia karo alipokuwa shule. Aliweka mezani madaftari mawili, moja nene na moja jembamba, akasema: "Mwanangu, tumia hili jembamba." Nilimjibu: "Baba mdogo, wema wako siwezi kuulipa. Lakini hili nene nimekwisha liona. Nitaandikaje kwamba silijui?" Alikusanya madaftari yake bila neno. Nilimrudishia malipo aliyotanguliza. Pato langu la mwezi ule lilipungua, na hakutokea mteja mwingine wa kuziba pengo lile. Tukikutana njiani tunaamkiana, lakini madaftari hajayarudisha tena. Nasimulia haya kwa ajili ya ndugu walioingia karibuni katika Jumuiya, ili wasidhani kwamba ukweli hulipwa jioni ile ile. Nilichobakiwa nacho ni hiki: siku ile zilikuwako mezani ritani za watu wengine, na sahihi yangu juu ya hizo ilibaki na maana.

Hesabu moja

Muahmadiyya ana sababu moja zaidi ya kuwa mwangalifu. Yeye hulihesabu pato lake mara mbili: kwa ajili ya serikali, na kwa ajili ya chanda, ambayo ni sehemu moja ya kumi na sita ya pato, au angalau moja ya kumi kwa aliyeingia katika mpango wa Wasiyyat uliowekwa mwaka 1905. Je, ataandika pato moja kwa serikali na jingine kwa Mungu? Au atazipunguza zote mbili zilingane? La hasha. Hakuna anayemlazimisha kutoa chanda, na hakuna askari anayekuja kukagua. Aliyezoea kusema kweli pale asipokaguliwa, hatashindwa kuisema pale anapokaguliwa.

Nawe msomaji ambaye bado unaichunguza dini hii, usiipime kwa hotuba zetu tu. Njoo uyatazame madaftari yetu. Ukituona tunaandika uongo kwa ajili ya wateja wetu, una haki ya kutuuliza kama kweli tunaamini kwamba kuna Mwandishi mwingine asiyepitikiwa na kitu.

Mwenyezi Mungu azifanye kalamu zetu kuwa mashahidi wa haki, na rizki yetu, iwe nyingi au chache, aifanye halali. Amin.