Haki ya Kufunua Boneti

Biashara ni tendo la watu wawili, lakini mara nyingi mmoja huliingia akiwa na macho na mwenzake akiwa kipofu. Muuzaji hukijua kitu chake kwa kukaa nacho. Mnunuzi hukijua kwa sifa alizosimuliwa. Tofauti hii ya maarifa ndiyo mama wa hila nyingi za sokoni. Wazee walioona mbali walimwonya mtu asikubali kuuziwa mbuzi katika gunia. Zama zimebadilika, na gunia nalo limebadilika. Siku hizi aghalabu ni la chuma, limepakwa rangi mpya, na jina lake ni boneti.

Katika wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, nchi ya Ikoma imekaa kandokando ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1951. Huko, kutoka Mugumu mpaka Robanda, na kutoka Robanda mpaka lango la hifadhi, motokaa si pambo la mwenye mali. Ni daraja la mtu kufikia soko na hospitali. Kwa miaka mingi daraja hilo lilikuwa Land Rover, gari lililoonyeshwa kwa ulimwengu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Aina zake za kale, zilizotengenezwa hadi mwaka 1985, zingali zinapendwa Tanzania, na mapenzi hayo yalionekana Arusha mnamo Oktoba 2024, wenye magari hayo walipokusanyika kwa tamasha lao. Penye mapenzi pana bei, na penye bei pana kishawishi.

Ni machache kati ya magari hayo ya kale yaliyobaki na mioyo yaliyozaliwa nayo. Injini ya petroli ya lita 2.25, ambayo nguvu zake hazikuzidi sana farasi 70, hula mafuta bila huruma. Basi mafundi huing'oa, wakatia ya dizeli, pengine ya Toyota, pengine ya Land Rover ya miaka ya karibuni, kama ile iitwayo 300Tdi, iliyotoka mwaka 1994 ikiwa na nguvu za farasi 111. Je, gari la namna hii ni la uongo? La. Mabadiliko si dhambi. Nyumba hubadilishwa paa, jembe hubadilishwa mpini, na mwenyewe hasutwi na mtu. Fundi aliyeitia injini ngeni kwa ustadi amelipa gari maisha ya pili. Uongo huanza pale kitu kilichobadilishwa kinapouzwa kwa jina na bei ya kitu kisichobadilishwa, au pale kazi mbovu inapofunikwa kwa rangi nzuri.

Jinsi ya kuutambua ukweli ni elimu isiyo ngumu kwa mwenye subira. Kadi ya usajili, itolewayo na Mamlaka ya Mapato Tanzania, huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini. Mnunuzi huzisoma katika karatasi, kisha huzisoma katika chuma chenyewe. Zikikhitilafiana, pana habari ambayo bado haijasemwa. Huigusa injini kabla haijawashwa, maana injini iliyopashwa moto mapema huficha uzito wake wa kuamka. Hutazama moshi: wa buluu ni dalili ya oili kuungua, mweusi ni dalili ya mafuta kuishinda hewa, na mweupe usiokoma aghalabu ni dalili ya maji kuingia mahali pasipo pake. Hutazama oili, ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, maji yamekwisha kuchanganyika nayo. Humwita fundi apime mgandamizo wa kila silinda, kwa kuwa silinda zilizo sawa hazipishani sana.

Lakini injini ngeni hudai uchunguzi zaidi ya huo. Yafaa kutazamwa vikalio vyake vilivyochomelewa kwenye chesisi, na mahali inapoungana na giaboksi, na radiata kama yatosha kuipoza. Juu ya yote yafaa kuulizwa habari za breki na ekseli. Land Rover hizo za kale zilitoka kiwandani na breki za dramu katika magurudumu yote manne, zilizokadiriwa kwa mwendo wa injini yao ya kwanza. Mwenye kuongeza nguvu ya kwenda bila kuongeza nguvu ya kusimama ameunda hatari, akaiita maendeleo. Somo hili halikuishia katika magari.

Hapa ndipo swali la maadili linapozuka. Wako waungwana wanaoona haya kumwambia jirani, "Fungua boneti, nami nimekuja na fundi wangu." Huona kwamba kuchunguza ni kudhania vibaya, na kudhania vibaya ni kuvunja ujirani. Hoja hii ina sura ya adabu, lakini haina mwili wake. Katika mnada wa ng'ombe mnunuzi hufungua kinywa cha mnyama akatazama meno apate kujua umri wake, na mwenye ng'ombe hasemi kwamba ametukanwa. Mtu anapoposa, wazee wa pande mbili huulizia ukoo, tabia na maradhi, na maulizo hayo huhesabiwa kuwa ni heshima kwa ndoa. Ikiwa ng'ombe huchunguzwa na mchumba huulizwa habari zake, kwa nini chuma kipewe heshima ya kutoguswa? Imani inayoogopa kujaribiwa si imani; ni ombi la kufumbiwa macho. Uchunguzi haumwondolei mkweli hadhi yake. Humtenga na mwongo, ambaye bila ya uchunguzi hufanana naye kwa kila kitu.

Kwa upande wa muuzaji swali ni kongwe zaidi kuliko motokaa. Cicero wa Roma, katika kitabu chake cha wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alisimulia mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater. Mtu auza nyumba yenye kasoro azijuazo yeye peke yake: je, anyamaze? Diogenes alishika kwamba kunyamaza si kuficha, na kwamba mnunuzi hakulazimishwa kununua. Antipater alishika kwamba kumwacha mwenzio apotee njia huku unaiona ni ubaya mkubwa. Cicero alimwegemea Antipater, akaonyesha kwamba kunyamaza hugeuka kuficha pale mtu anapokusudia kufaidika kwa ujinga wa yule anayestahili kujua. Fikihi ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani wamefanya biashara chini yake kwa karne nyingi, humpa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, iliyofuata kielelezo cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, hutaka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Lakini sheria hiyo haimlindi mnunuzi aliyekichunguza kitu kwa kasoro ambazo uchunguzi wake ulipasa kuzifunua. Kwa hiyo kutazama kwa juujuu ni kubaya kuliko kunavyodhaniwa: hakumpi mtu elimu, na huweza kumnyang'anya dai.

Ni haki pia kumtetea muuzaji. Gari la miaka 50 limepita mikono mingi. Pengine aliyeibadili injini alikwisha kufa, na aliyefuata alirithi gari pamoja na hadithi yake, akaieneza hadithi kwa moyo safi. Muuzaji kama huyu hasemi uongo wake. Hubeba uongo wa mwingine asioujua. Wajibu wake ni mwepisi kwa ulimi na mzito kwa moyo: kusema "sijui" pale asipojua. Neno hilo huweza kupunguza bei, lakini huokoa jina. Na mnunuzi anayefunua boneti humsaidia muuzaji huyu, kwa kuwa humwepusha na kuapa juu ya jambo ambalo hakuliona kwa macho yake.

Hata hivyo hoja iliyo nzito kupita zote haiko kwa muuzaji wala kwa mnunuzi. Iko kwa watu ambao hawakuwapo siku ya mapatano. Na ichukuliwe kwamba mtu mmoja wa Ikoma amenunua Land Rover kwa kuona haya kuichunguza. Usiku wa masika mama mjamzito apandishwa nyuma ili apelekwe Mugumu. Injini ngeni yachemka kwa sababu radiata haikutosha, au mteremkoni breki zashindwa kulizuia gari lililotiwa nguvu zisizo zake. Mama yule hakupatana bei na mtu. Hakusifiwa gari, hakuulizwa kama anaridhika na hasara. Mnunuzi alidhani kwamba kwa kunyamaza alikuwa akitoa fedha zake mwenyewe kuwa sadaka ya ujirani. Kumbe alikuwa akitoa usalama wa wengine, na mtu hana ruhusa ya kutoa sadaka kwa mali isiyo yake.

Ndiyo sababu uchunguzi, ingawa huitwa haki ya mnunuzi, kwa hakika ni deni lake. Haki mtu huweza kuisamehe. Deni la watu wengine hawezi. Naye muuzaji anayefungua boneti kabla hajaombwa, akasema, "Injini hii si ya asili, ilitiwa na fundi fulani, mwaka fulani, na breki zake zilibadilishwa au hazikubadilishwa," hauzi gari tu. Anawalipa mapema abiria ambao hatawaona kamwe.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema nacho hakiwezi kujiuza kikiwa kimefunikwa. Shurti boneti lifunuliwe, mchana, mbele ya macho ya wote wawili, na mkono unaolifunua usionewe kuwa ni mkono wa adui.