Jeraha la Moyo Si Pepo

Toka tarehe 5 hata tarehe 10 Juni, mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani. Mabomu yakaangukia nyumba za watu wasio na silaha. Raia zaidi ya 760 waliuawa, wapata 1,700 walijeruhiwa, na watu 65,000 walikimbilia misituni. Hata kanisa kuu halikusalimika. Siku sita zilipita. Lakini mioyoni mwa wengi vita vile havijakwisha.

Mathalani yuko mama mkatekumeni. Siku zile alikuwa msichana mdogo, akamwona ndugu yake akifa kando yake. Hata leo ngurumo ikipiga hukimbia kujificha. Pengine huketi katika mafundisho macho yakiwa wazi, lakini akili yake haipo. Akiitwa haitiki, na baadaye hakumbuki lililosemwa. Majirani hunong'ona: “Ana pepo. Amerogwa. Asibatizwe.” Hivyo aliyepigwa na vita hupigwa mara ya pili kwa ulimi wa jirani.

Hilo si pepo. Hofu ikizidi nguvu za mtu, akili hujificha, kama kobe aingizavyo kichwa gambani. Hatari ikiisha kupita, yaweza kujificha tena bila mwenyewe kutaka.

Jioni ya Pasaka Mitume walikuwa wamejifungia ndani kwa hofu. Je, Bwana Yesu aliwafukuza kwa sababu waliogopa? La! Aliingia milango ikiwa imefungwa, akawapa amani, akawaonyesha mikono yake na ubavu wake. Amekwisha kufufuka katika utukufu, wala hakuyaficha majeraha yake. Basi, nani atamwonea haya mwenye jeraha?

Mkristo na amtendee mwenzake vivyo hivyo. Asimshike kwa ghafula, wala asimlazimishe kusimulia aliyoyaona. Amwite kwa jina lake, kwa sauti ya upole. Amwambie yuko wapi, na leo ni siku gani. Aketi naye mpaka atulie. Kisha amsindikize hospitali. Msamaria mwema alimhurumia aliyejeruhiwa, akamtia mafuta na divai, akamfunga vidonda: sala na dawa hazigombani. Na mwalimu amrudilie somo lililompita, bila kukasirika.

Swali: Je, hofu ya namna hiyo ni dhambi?
Jibu: Si dhambi, kwa maana dhambi hutendwa kwa kujua na kwa hiari; hofu hiyo hakuichagua.

Swali: Je, mtu huyo aweza kubatizwa?
Jibu: Aweza, akiamini na kutaka kwa moyo wake. Milango iliyofungwa kwa hofu haikumzuia Bwana kuingia. Basi asizuiwe na maneno ya watu.