Mgeni Aibaye: Je, Ahukumiwe Mara Mbili?

Watu wote wakubali ya kuwa mwizi na aadhibiwe. Lakini liko swali lisilo jepesi, nalo latugusa sisi, maana watoto wa nchi zetu wengi wakaa Marekani, wengine kwa masomo, wengine kwa kazi, na pamoja nao ndugu wa Kongo waliokimbia vita. Watu wawili wakiiba vitu vya thamani moja, mmoja raia na mwingine mgeni, je, ni haki raia atimize adhabu yake na kurudi kwake, na mgeni atimize adhabu iyo hiyo, kisha afukuzwe katika nchi?

Kwanza na tuitazame sheria yenyewe. Tangu mwaka 1891 sheria ya Marekani huwakataa wageni waliohukumiwa kwa makosa yaonyeshayo uovu wa tabia, na wizi huhesabiwa humo mara nyingi. Leo mgeni aliyepokewa kwa halali, akiiba kabla ya kutimia miaka 5 tangu kupokewa kwake, na kosa lake likiwa la namna iwezayo kupewa kifungo cha mwaka 1 au zaidi, akihukumiwa aweza kuondoshwa, hata kama anayo hati ya kukaa daima. Sheria ya mwaka 1996 ilikaza zaidi. Kabla yake wizi ulihesabiwa katika makosa mazito mno ikiwa hukumu yake ni miaka 5; sasa ni mwaka 1 tu. Na mwaka huo wahesabiwa hata kama hakimu ameahirisha kifungo, na mtu hakulala gerezani hata usiku mmoja. Tena sheria hiyo ilirudi nyuma, ikazishika hata hukumu zilizokatwa kabla haijatungwa. Na tangu Januari 2025, mtu asiye na ruhusa ya kukaa, akikamatwa tu kwa wizi, hata wa kitu cha dukani, yapasa azuiliwe bila dhamana, ingawa hatia haijathibitika.

Wako wasemao: Kuna ajabu gani? Mwenye nyumba akimpokea mgeni, naye mgeni akaiba, humwonyesha mlango. Neno hili lina nguvu, wala hatulikani. Nchi ina haki ya kuchagua nani aingie, na mgeni amepewa amana. Lakini wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi yule aliyeshika jembe miaka 20, akalipa kodi, akazaa watoto ambao ni raia wa nchi ile, je, yu mgeni bado? Sheria yasema ndiyo, mpaka apate uraia. Moyo wa haki wasitasita.

Wengine husema kufukuzwa si adhabu. Ndivyo ilivyonena mahakama kuu ya Marekani mwaka 1893. Lakini mwaka 2010 mahakama iyo hiyo ilikubali ya kuwa kufukuzwa kumefungamana sana na adhabu ya kosa, ikaagiza kwamba wakili amwonye mgeni kabla hajakiri kosa barazani. Nasi twaona hivi: jambo limwondoleao mtu nyumba, kazi na watoto wake, tukikataa kuliita adhabu, halipungui uchungu kwa kukosa jina. Na adhabu ya haki ina kipimo. Torati ilimtaka mwizi alipe na kuongeza, tena ikaagiza sheria moja kwa mwenyeji na kwa mgeni. Kuiba shati na kupoteza makao si mizani iliyo sawa. Wala mtoto abakiye bila baba hakuiba kitu.

Hata hivyo ugumu wa sheria haumtakasi mwizi. Mambo mawili haya yasimama pamoja: sheria yaweza kupita kiasi, na mwizi amekosa kweli. Yeye ndiye aliyeuweka mkate wa watoto wake mahali pa hatari kwa ajili ya kitu kidogo.

Basi ninyi mnaowaandikia watoto walio mbali, msiwaambie tu, Usiibe, usije ukafukuzwa. Aachaye wizi kwa hofu ya kufukuzwa ataiba siku asipoonekana. Waambieni, Usiibe, kwa kuwa kitu kile ni jasho la mwingine. Kisha waelezeni sheria pia, wasiangamie kwa kutojua. Na aliyekwisha kushtakiwa, asikubali shauri lolote barazani kwa kuwa laonekana jepesi, mpaka amemwuliza wakili ajuaye sheria za wageni. Hukumu iliyo ndogo kwa raia yaweza kuwa kwake mwisho wa makao. Kuuliza hivyo si kuficha dhambi. Kutubu ni kwa moyo, na kurudisha kilichoibiwa ni wajibu; lakini hakuna amri imlazimishayo mtu aliyetubu kuwatupa watoto wake shimoni kwa ujinga.

Nasi tulio nyumbani, arudishwapo mmoja wa hao, tusimhukumu mara ya tatu.