Sogea Kidogo, Mwenzako Akae



Saa hizi za asubuhi, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Msewe na Changanyikeni, mama lishe wameshawasha moto. Benchi ni moja. Anakuja mwanafunzi wa kutoka Bukoba. Anakuja wa kutoka Pemba. Anakuja mgeni wa mbali aliyefuata Kiswahili. Anakuja fundi, mwenyeji wa mtaa. Kila mmoja anasogea kidogo, mwenzake akae.

Benchi ni moja, lakini sahani si moja. Huyu hali nyama fulani. Yule kesho atafunga. Huyu hupenda utani; yule, utani humuumiza. Kukaa pamoja hakumnyang'anyi mtu chake. Na kulinda chako hakukuzuii kusogea.

Mtaa hauharibiwi na tofauti za watu. Mtaa huharibika mwenyeji anapokataa kusogea. Huharibika pia mgeni anapotia mkono kwenye sahani isiyo yake.

Basi, msikilizaji, ukiingia kazini leo, mpe mwenzako nafasi. Na kabla hujamzoea, muulize: lipi kwako ni sawa, na lipi si sawa? Kuuliza ni heshima.