Sherehe ya Mtoto ni ya Nani?

Mtu anapopanga sherehe ya mtoto nyumbani, maswali ya kwanza huwa ya mfuko: keki ya kilo ngapi, maputo mangapi, soda za aina gani. Nadai kwamba nyuma ya maswali hayo kuna swali la maadili ambalo ni nadra kuulizwa: sherehe hiyo ni ya nani, na tuna wajibu gani kwa mtoto anayeiona bila kualikwa?

Mfano wangu ni ua tunaoishi hapa Kampala. Vyumba vya kupanga vinatazamana, bomba la maji ni moja, na watoto wote 18 hucheza pamoja. Dada yangu alipotaka kusherehekea binti yake kutimiza miaka 6, alinikabidhi mipango. Alitaka keki ya ghorofa tatu, mapambo ya kukodi na wageni 8 kutoka shuleni. Watoto wa uani hawakuwamo katika orodha. Hoja yake haikuwa ya kiburi. “Sisi hatukukatiwa keki hata siku moja,” aliniambia. “Na mwanangu naye akose?”

Hoja hiyo ina uzito. Mzazi aliyekosa utotoni ana haki ya kufurahi anapoweza kutoa. Lakini Immanuel Kant, katika maandishi yake ya mwaka 1785, alisisitiza kwamba binadamu asitumiwe kama chombo tu, bali athaminiwe kwa nafsi yake. Mtoto anayevalishwa gauni asiloweza kukimbia nalo, akasimamishwa kando ya keki apigwe picha huku akikatazwa kugusa chochote, amegeuzwa chombo cha furaha ya watu wazima. Aristotle naye aliona kuwa ukarimu hupimwa kwa kufaa kwake: mpira mzuri ni zawadi adhimu kwa mtoto, ingawa bei yake ni ndogo. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Je, basi tumwachie mtoto aamue? Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, unamtambulia mtoto haki ya kucheza na haki ya maoni yake kusikilizwa. Nilimwuliza mpwa wangu. Alichagua rangi ya njano, chapati na kuruka kamba. Kisha akaongeza kwamba mvulana mmoja wa chumba cha jirani asije, kwa sababu humnyang’anya mpira.

Hapa ndipo penye fundo. Kumsikiliza mtoto si sawa na kutii kila alitakalo. Chakula na michezo ni vyake kuchagua. Lakini kumtenga mmoja katika ua wa pamoja ni kumlazimisha atazame wenzake wakila. Anayefanya karamu ukumbini hamfanyi jirani kuwa mtazamaji. Ua wetu hauna pazia, na harufu ya chapati haichagui mlango wa kuingia.

Nilimweleza dada hayo, akakubali tubadilishe mipango kwa fedha zilezile. Tulinunua keki moja ya kawaida. Tulipika chapati 20, kila moja tukaikata vipande vinne, hivyo watoto 26 wakapata vitatu kila mmoja na viwili vikabaki. Tuliongeza bisi, ndizi mbivu na maji ya pasheni. Watoto wenyewe walikata karatasi za njano, tukazifunga kwenye kamba ya kuanikia nguo. Niliukataa mchezo wa kugombania viti, kwa kuwa unaendelea kwa kumtoa mtu, na mara nyingi mdogo ndiye hutolewa mwanzo. Tulichagua kuruka kamba na kutafuta vitu vilivyofichwa. Zawadi zilifunguliwa jioni, wageni wakiwa wameondoka, ili aliyeleta penseli asilinganishwe na aliyeleta mwanasesere.

Mvulana yule alikuja, nikampa kazi ya kuzungusha kamba. Sherehe haikuwafanya marafiki. Siku ya pili waligombania tena mpira. Wala mimi sidai kwamba wema lazima ulipe. Nadai tu kwamba haikuwa halali kumwadhibu mtoto kwa njaa ya macho kwa sababu ya ugomvi wa mpira.

Mtu anaweza kuuliza: ukarimu huo utaishia wapi? Mbona watoto wa ua wa pili hawakualikwa? Nakubali kwamba hakuna awezaye kulisha mtaa mzima. Wajibu ninaoutetea una mpaka, nao unafuata maisha tunayoyashiriki. Wanaochota maji bombani petu na kucheza mlangoni petu kila siku si wageni wa kuhesabiwa kwa kadi. Mwenye nafasi ya kufanya sherehe faraghani, ana uhuru zaidi wa kuchagua wageni wake.

Kwa hiyo, sherehe ya nyumbani ni ya mtoto pale anapoweza kuicheza, na ni ya haki pale ambapo furaha yake haimfanyi mwenzake asimame mlangoni akimeza mate. Fedha zisipotosha, tupunguze keki, tusipunguze watoto.